Kiti Chini ya Tangi

Nchi ninayoisema hapa haipo. Nimeshauriwa niseme hivyo kwanza, na nimesema. Haipo kwenye ramani, haina bendera, na Shirika lake Kuu la Maji na Maendeleo Mengineyo halipo vilevile, ingawa jengo lake ni refu mpaka ukilitazama kutoka chini shingo inauma. Mimi niliishia darasa la saba, si mtu wa kuandika vitabu. Naandika kwa sababu nina wasiwasi, na wasiwasi wangu unawahusu akina mama wenzangu mliosomesha watoto hadi wakawa mainjinia. Kama una sufuria jikoni, epua kwanza, ndiyo usome.

Siku hiyo nilikuwa uani nachambua mchele na jirani yangu Mama Hiari, redio tumeiweka juu ya ndoo. Taarifa ya habari ikasema Tangi la Umoja limekamilika huko jijini, na aliyelisimamia ni mhandisi mdogo kuliko wote katika Shirika, Mhandisi Sikitu Mahimbo. Nikapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Sikitu ni mwanangu, wa tumbo langu hili.

Mtangazaji akaendelea: "Atakayekaa kwenye Kiti cha Mama siku ya uzinduzi ni mama yake mzazi, Bi Zamda Mkwizu, mkazi wa hapa hapa jijini."

Mimi naitwa Mwajabu. Kigelegele kilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mama Hiari akaweka ungo chini, akanitazama. "Shoga," akasema, "kumbe miaka yote hii ulikuwa yaya?"

"Redio imekosea."

"Redio ya serikali? Ile haikosei. Labda wewe ndiye umekosea. Hebu kumbuka vizuri, ulijifungua kweli?"

"Si nilijifungulia chumba kile pale, wewe umenishika mgongo!"

"Basi na mimi niliona vibaya," akasema, akaendelea kuchambua mchele wake.

Labda wapo wasiokijua Kiti cha Mama, kwa hiyo nieleze. Mwanzilishi wa Shirika, marehemu, alikuwa fundi wa kweli. Alipomaliza daraja lake la kwanza watu waliogopa kulivuka. Akaenda kijijini kwao akamleta mama yake, akamkalisha kwenye kiti chini ya daraja, kisha akapitisha juu lori lililojaa mawe. Inasemekana bibi yule alikuwa anasuka ukili, na lori lilipopita hakuinua hata kichwa. Watu wakavuka. Kuanzia siku ile ikawa mila: hakuna kazi ya Shirika inayozinduliwa mpaka mama wa injinia akae chini yake kwanza. Mimi naipenda mila hiyo. Injinia anayejua mama yake atakaa pale hachezi na saruji.

Shirika nalo liliipenda, pengine kupita kiasi. Wakubwa waliona kwamba kama mama anatosha, vyombo vya kupimia udongo na zege havina kazi. Wakaviweka kwenye kabati la kioo pale mapokezi, wakaviwashia taa, na wageni hupiga navyo picha.

Kitenge cha siku hiyo nilikinunua tangu Sikitu anaingia chuo. Nilikihifadhi sandukuni pamoja na karafuu ili kisiliwe na wadudu. Kila mtu kwetu alikijua. Hata watoto walikuwa wakinikuta njiani wananiuliza, "Bibi, lini utakaa?" Sasa mtu mwingine atakaa! Kesho yake nilikibeba kitenge changu, nikapanda basi la jijini nikiwa nimefura kama chapati.

*

Pale mapokezi kulikuwa na dada nadhifu, kucha ndefu, anabonyeza kompyuta kwa ncha ya kalamu.

"Nimekuja kumwona mwanangu, Injinia Sikitu. Mimi ni mama yake."

Akabonyeza. "Mama yake ameshaingia."

"Nani ameingia? Mama yake si ndiye mimi nimesimama hapa?"

"Pole mama. Mfumo unaonyesha mama yake ameingia asubuhi, amekunywa chai, na sasa yuko mazoezini."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukaa."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikamwambia nilimbeba mtoto huyu mgongoni, alipougua surua nikamwogesha kwa majani. Yule dada alinisikiliza kwa adabu zote, maana alikuwa na malezi mazuri, kisha akasema mfumo hauna sehemu ya kujaza mama wa pili. "Ila naweza kukuingiza kama mdau."

"Mdau ndiyo nani?"

"Ni mtu ambaye jambo linamhusu ila haulizwi."

Basi nikavishwa kitambulisho shingoni, kimeandikwa MDAU kwa herufi kubwa, nikaambiwa nikae nisiguse kioo.

Sikitu aliposhuka sikumjua mara moja. Amekonda, mabega yamekuwa kama henga ya kutundikia nguo, na kichwani amevaa kofia ngumu nyeupe isiyo na hata doa. Baadaye nilielewa kwamba katika Shirika, kofia za wanaokwenda kwenye ujenzi ni za njano, na kila mtu anapopanda cheo kofia yake inazidi kuwa nyeupe na anazidi kukaa mbali na ujenzi. Mkurugenzi Mkuu yake ni nyeupe hadi inang'aa, ana mtu maalumu wa kuibeba kwenye mto.

"Mama! Umekuja kufanya nini?" Hakunisalimia hata shikamoo. Sikitu huyu, ambaye alikuwa anawaamkia mpaka wachuuzi wa mkaa.

"Nimekuja kumwona mama yako," nikamjibu.

Akanivuta mkono mpaka kantini, akaninunulia chai, akakaa akiwa anatazama mlango. Nikamwuliza, mwanangu, kazi yako hapa ni nini hasa? Akaniambia asubuhi kuna kikao. Baada yake kuna kikao cha kuandaa kikao cha mchana. Mchana wanapitia yaliyosemwa asubuhi na kuyaboresha, ili jioni yawe mazuri zaidi. Haruhusiwi kwenda kwenye ujenzi bila kibali, kwa kuwa viatu vya matope vinaharibu zulia la ghorofa ya wahandisi, na kibali hutolewa na kamati ya zulia.

"Sasa tangi umelijengaje?"

"Naenda kwa siri saa ya chakula, mama. Nikirudi naosha viatu chooni."

Kabla sijauliza zaidi kantini nzima ilisimama. Ameingia Mkurugenzi Mkuu, Dokta Mtepa, mwanamume mnene mwenye sauti nene, kofia yake inamfuata nyuma juu ya mto. Akaja mezani kwetu.

"Mhandisi wetu kijana! Na huyu ni nani?"

Nilimtazama mwanangu. Naye alinitazama, halafu akatazama kile kitambulisho changu.

"Ni mdau," akasema.

"Aaa, wadau!" Mkurugenzi alifungua mikono kana kwamba anataka kukumbatia meza. "Wadau ni uti wa mgongo wa Shirika. Bila wadau tungejenga kwa ajili ya nani? Tangi la Umoja, mama yangu, si tangi la maji. Ni tangi la matumaini. Maji ni sehemu ndogo sana ya tangi lile!"

Kantini ikapiga makofi. Mimi nikanywa chai. Ilikuwa na sukari nyingi lakini niliionja chungu.

*

Nilitoka pale bila kuaga, nikauliza njia hadi kwenye hilo tangi. Halikuwa la kutafuta. Limesimama juu ya nguzo nne katikati ya soko, pana kama uwanja, na chini yake wachuuzi wamepanga nyanya, dagaa, mitumba na ndoo za plastiki. Walikuwa wameambiwa Shirika limewapa maji na kivuli kwa mpigo. Kivuli kilikuwepo kweli.

Nguzo ile iliyo karibu na wauza nyanya ilikuwa imefunikwa na picha ya Mkurugenzi Mtepa anatabasamu, picha ya turubai, imepigiliwa misumari kulia na kushoto.

"Hii mbona kubwa hivi?" nikamwuliza muuza nyanya mmoja.

"Hapo mwanzo ilikuwa ndogo, kama ya ofisini. Ikaletwa nyingine kubwa kidogo, halafu nyingine. Tunadhani cheo chake kinapanda."

Katikati ya zile nguzo kiti kimeshawekwa, cha kifahari, kina mito myekundu. Na kwenye kiti amekaa mwanamke wa umri wangu, amevaa kitenge chenye nembo ya Shirika. Anakaa, anainuka, anakaa tena. Kifuani ana kitambulisho: MAMA, DARAJA LA PILI.

"Wewe ndiye Bi Zamda?" Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, jamani. Nilikuwa nimeyapanga tangu kwenye basi.

Alinitazama usoni, kisha mikononi, kisha akatazama lile neno MDAU. Akasogea upande. "Karibu dada. Kaa. Wewe ndiye mwenyewe, eeh? Pua ni ile ile ya Sikitu."

Matusi yote yakapotea.

Bi Zamda ndiye aliyenieleza. Baadhi ya mainjinia walifiwa na mama zao, kazi zikawa zinasimama. Shirika likaanzisha Kitengo cha Akina Mama, likaajiri wanawake kwa usaili. Unaulizwa mwanao akifaulu unalia au unacheka. Anayeweza kulia machozi ya kweli anaanzia daraja la kwanza. Yeye Bi Zamda hulia kidogo tu, ndiyo maana yuko la pili. Mwanzoni ilikuwa kwa yatima peke yao. Baadaye wengine wakaona ni usumbufu kumleta mama kutoka kijijini, anataka nauli, anataka pa kulala, anauliza maswali. Sasa kila mtu anachukua mama wa ofisi.

"Mimi nina watoto wengi humu," akasema. "Wote wananiita mama mpaka maji yafunguliwe. Baada ya hapo tukikutana kwenye ngazi hawanijui."

"Na huogopi?"

Alicheka. Akainua kitenge kidogo, nikaona raba za kukimbilia, zimefungwa kamba imara. "Na kwenye kiti nakaa ukingoni. Hiyo ndiyo siri ya kazi. Aliyenitangulia alikaa vizuri, akaegemea. Ukuta wa bwawa ukamwangukia. Wakampa jina la Mama wa Taifa, na shule moja imeitwa jina lake. Shule nzuri."

"Bi Zamda, hebu niambie ukweli. Mwanangu ananionea aibu?"

Akaacha kucheka. "Dada yangu, mimi sijui zege wala nini. Mimi namwangalia mtoto tu. Injinia yatima akiniita nakuja nimetulia. Lakini mwenye mama yake hai, tena anayempenda, akiniomba nikae mimi..." Alitazama juu, na mimi nikatazama juu. Tangi lilikuwa zuri, limepakwa rangi ya samawati.

*

Jioni ile Sikitu alinikuta chumbani kwake nampikia ugali na mlenda, chakula alichokuwa anakililia utotoni. Nilikuwa nimeuchukua ufunguo kwa mwenye nyumba. Sikugeuka. Nikaendelea kusonga.

"Ile picha imefunika nini?" nikamwuliza.

Alikaa chini kwenye mkeka na viatu vyake.

"Ufa," akasema.

Akanieleza, na mimi nawaeleza nyinyi nilivyoelewa. Pale sokoni zamani palikuwa na bwawa la vyura, likafukiwa. Nguzo moja imekaa juu ya tope. Tangi likiwa tupu inavumilia, ila ufa umeshaanza. Tangi likijaa, hajui. Hapana, anajua. Aliwaambia wakubwa. Mara ya kwanza wakampongeza kwa kuwa makini, wakatundika picha. Ufa ukarefuka akawaambia tena, wakaleta picha kubwa zaidi. Mara ya tatu wakampeleka semina ya fikra chanya, huko hotelini, akafundishwa kupumua. Alipotoka wakamwambia yeye bado kijana, kiti cha mhandisi mkuu kiko wazi, asijiharibie.

"Mimi peke yangu ningefanya nini, mama? Pale kila mtu anajua na kila mtu anasubiri mwingine aseme. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kusubiri. Ukisema wewe, wewe ndiye ufa."

"Ukaamua kumkalisha Bi Zamda."

"Nilitaka tu wewe usiwepo!" Alianza kulia kama alivyokuwa analia akiwa mdogo, mdomo wazi bila sauti. "Nilitaka uwe nyumbani na mchele wako. Basi. Sikufika kufikiria mbele ya hapo."

Nikamwekea chakula. Nikitazama paa la nyumba yangu kule kijijini nakumbuka ni la mshahara wake, na mdogo wake yuko shule kwa mshahara huo huo, na mimi ndiye niliyemwambia awatii wakubwa kazini. Kwa hiyo sikuwa na maneno makali. Nilimwambia tu, "Bi Zamda ana wajukuu." Akaacha kula.

"Nenda nyumbani, mama. Nakuomba. Panda basi kesho."

"Sawa," nikasema. Mungu atanisamehe.

*

Kesho yake, siku ya uzinduzi, badala ya kupanda basi nilivaa kitenge changu cha karafuu, nikachukua kigoda cha jikoni kwa Sikitu, nikaingia sokoni kupitia kwa wauza dagaa. Askari mlangoni aliona MDAU shingoni akanipisha. Nikapita mbele ya bendi, mbele ya wageni wenye miavuli, nikaweka kigoda changu kando ya kile kiti chenye mito myekundu, nikakaa.

"Umekuja," Bi Zamda akaninong'oneza.

"Nimekuja. Kaa ukingoni."

Mkurugenzi Mtepa alihutubia kwa kirefu. Alisema dunia nzima inatuonea wivu kwa kuwa mataifa mengine yanapima majengo yao kwa mashine zisizo na huruma, wakati sisi tunapima kwa upendo. Alisema saruji ikikosekana, upendo utashikilia. Watu walishangilia. Kisha akamwita Mhandisi aje aseme neno kwa mama yake na kuamuru maji yapande.

Sikitu alipanda jukwaani na kofia yake nyeupe. Alishika kipaza sauti, akatazama kitini, akaniona.

"Mama," akasema.

Makofi. Walidhani anamwambia Bi Zamda, na Bi Zamda, mtu wa kazi, akapangusa jicho.

"Mama, toka hapo."

Makofi yakaja tena, lakini machache, ya mashaka.

"Sitoki," nikajibu. Sikuwa na kipaza sauti ila nimezoea kuita watoto kutoka mtoni. "Hapa kuna mama wa watu, na nyuma yangu kuna soko zima. Ukinitoa mimi peke yangu utakuwa umefanya kazi gani? Sema! Sema mbele ya watu, ndiyo niinuke."

Mwanangu alisimama pale. Aliivua kofia, akaivaa tena. Mkurugenzi akamwendea akicheka, akachukua kipaza sauti kwa upole. "Ndugu wananchi, hisia! Mmeona hisia hizo? Huyu mdau wetu naye ameguswa. Maji yapande!"

Mabomba yakaanza kunguruma. Bendi ikapiga. Juu ya vichwa vyetu nikasikia maji yanaingia, yanajaa, sauti nzito kama ya mtu anameza. Mimi niliitazama ile picha, maana ndiyo iliyokuwa mbele yangu. Mwanzo ilikunjuka tu, mashavu yakawa laini. Halafu ikavutika. Misumari ya kulia ilikuwa inaiacha ya kushoto, taratibu sana. Na pale kwenye midomo, turubai likaanza kuchanika.

Vumbi jeupe likaanguka kwenye kitenge cha Bi Zamda kama unga. Alilipangusa, akalinusa, akafunga kitenge juu ya magoti. "Dada," akasema, "mimi ninayo raba. Wewe je?"

"Nina ndala."

"Zivue."

Nilitazama jukwaani. Sikuwa na mwingine wa kumtazama.

Sikitu akamnyang'anya Mkurugenzi kipaza sauti. Sijui nguvu alizitoa wapi, mtoto aliyekonda vile. "Nguzo imepasuka! Ufa uko nyuma ya hiyo picha! Mimi nilijua, na hawa wote hapa jukwaani wanajua, tulijua wote! Fungeni maji! Tokeni! Acheni vitu, tokeni!"

Hakuna aliyeinuka. Watu walikuwa wanasubiri kuambiwa kama hiyo nayo ni sehemu ya sherehe.

Ndipo yule muuza nyanya akanyoosha kidole kwenye nguzo. "Jamani," akasema, "mbona Mkurugenzi anapiga mwayo?"

Kweli, mdomo wa picha ulikuwa wazi kabisa, na ndani yake ulikuwa ule ufa, mweusi, unaingia mkono. Hapo soko zima likakimbia. Bi Zamda alinishika mkono akanivuta, na mwanamke yule anajua kukimbia, nawaambia. Mtu wa koki alifunga maji, nadhani si kwa amri ya mtu. Yeye ni mmoja wa wale waliolelewa kuzima kila kitu kabla ya kutoka nyumbani.

*

Tangi halikuanguka. Hapo ndipo taabu ya mwanangu ilipoanza.

Iliundwa tume. Tume ikaenda ikalitazama tangi kwa mbali, ikaona limesimama. Kwa kuwa limesimama, ikasema, mhandisi aliongopa. Tena akina mama wawili walikaa chini yake na wote wametoka salama, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya Shirika, kwa hiyo Tangi la Umoja sasa limethibitishwa mara mbili. Sikitu alifukuzwa kazi kwa kosa la kukosa imani na mama yake mzazi. Kwenye uamuzi huo mama yake mzazi alikuwa mimi. Sehemu hiyo walisahihisha.

Picha mpya imeshapigiliwa. Inafunika nguzo nzima, na safari hii Mkurugenzi amefunga mdomo.

Nilipita sokoni kabla ya kurudi kijijini. Wachuuzi wamerudi chini ya tangi na meza zao. Nilimwuliza yule wa nyanya, mwanangu, si uliona kwa macho yako? Akasema, "Niliona, Mama Injinia. Lakini jua hili nalo linaozesha nyanya, tena leo leo. Tutahamia wapi?" Akanifungia nyanya, akakataa malipo.

Sasa Sikitu yuko nyumbani. Analala mpaka jua linapanda, kisha ananisaidia kuchoma vitumbua. Anavichoma vibaya. Mdogo wake amerudi kutoka shule mpaka tutakapoona la kufanya. Mama Hiari aliponiona narudi na mtoto na sanduku alitikisa kichwa: "Sasa umefaidi nini, shoga? Ungekubali tu kuwa yaya." Usiku ule alileta maharage, lakini.

Juzi limekuja gari la Shirika, limepaki mbele ya uwanja wangu, watoto wote wameligusa. Akashuka kijana mwenye tai kutoka Kitengo cha Akina Mama. Akaniambia tangi litajazwa upya, sherehe ni mwezi ujao. Bi Zamda hajaonekana tangu siku ile. Walimtafuta hadi kwake wakakuta mlango umefungwa. Kiti kiko wazi. Na mimi, akasema, nina uzoefu ambao hawana wengi. Ningeanzia daraja la kwanza moja kwa moja.

"Injinia mpya ni nani?" nikauliza.

"Ni kijana mmoja, mzuri sana, mtulivu."

"Mama yake amefariki?"

"Hapana, yu hai. Ila kijana ameomba sana mama yake asisumbuliwe. Ameomba hata asiambiwe tarehe."

Nyuma yangu nilisikia Sikitu ameangusha kijiko.

Niliuliza jina la huyo mama, au kijiji chake. Akasema hiyo ni siri ya ofisi. Nikamwambia kazi yao sitaifanya, akashangaa kwa dhati, akaniachia kalenda yenye picha ya tangi.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, mama wa huyo kijana, maana sijui ulipo na redio itakapotangaza haitalitaja jina lako. Itataja la mwingine. Utakasirika kama nilivyokasirika mimi, majirani watakucheka, utasema mtoto amesoma akanikana. Hajakukana. Mtoto anayekuficha kiti kile anajua lililo juu yake, na hana pa kulisema. Mpe pa kulisema. Usivae ndala. Beba kigoda chako, uje ukae anapoweza kukuona, na usiinuke mpaka aseme. Mimi na Sikitu tutakuwa pale kwa wauza nyanya tangu asubuhi. Tutakusogezea nafasi.

Nchi hiyo haipo, nimeshasema. Basi la kwenda huko linaondoka alfajiri.